Kahawa ya Mashine Hapa Eldoret: Mbona Inatoka Nyepesi Hivyo? Mambo 6 ya Kucheki Kabla Utoe Doo

Wasee wa Sisibo, tukubaliane kitu moja kwanza: hii tao ni ya chai. Chai ya maziwa asubuhi, chai ya saa nne, chai jioni, na mursik ikifika mezani kila kitu kingine kinasonga kando. Lakini mambo yanabadilika pole pole. Mbogi ya chuo inakesha na kahawa wakati wa mitihani, maofisi yameweka ile mashine ya kudondosha kwa kona, na kuna yule beshte yako amepiga hesabu ya kufungua meza ya kahawa kando ya Uganda Road.

Huyo beshte ndiye tunamwandikia leo. Sababu kuna kitu wauzaji hawakuambii: mashine ile ile inayotoa kahawa fiti Mombasa, ukiileta hapa juu inaweza kukutolea kitu chepesi, chachu, hakina mbele wala nyuma. Watu wanalaumu kahawa. Wengine wanalaumu maji. Mara nyingi shida ni dizaini ya mashine yenyewe, pamoja na huu mwinuko wetu.

Ndani ya hiyo boksi kuna nini?

Usiogope, si sayansi ya roketi. Kwa hizi mashine za bei ya kawaida hakuna hata pampu. Kuna tangi la maji, kibomba, koili ya moto chini kabisa, na kavali kadogo kanachoruhusu maji kupita upande mmoja tu. Maji yanashuka kwa koili, yanachemka, na povu la mvuke linasukuma maji juu kupitia kibomba chembamba. Vali inazuia yasirudi kwa tangi. Ile sauti ya "gururu gururu" unayoskia ni hiyo kazi inaendelea. Maji yakifika juu yanamwagikia unga wa kahawa kwa filta, yanadondoka kwa jagi. Na koili hiyo hiyo ndiyo inapasha moto kisahani jagi linapokalia.

Historia yake ni fupi. Mwaka 1908, mathe mmoja wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, alichoka kutafuna machicha ya kahawa. Akatoboa chungu cha shaba, akaweka karatasi ya kukausha wino kutoka kwa daftari la shule la mtoto wake, na hapo filta ya karatasi ikazaliwa. Mwaka 1954, Mjerumani mwingine, Gottlob Widmann, akapata hataza ya mashine ya stima inayodondosha yenyewe, Wigomat. Halafu 1972, Vincent Marotta na Samuel Glazer wa Cleveland, Marekani, wakatoa Mr. Coffee, na Wamarekani wakaachana na zile birika za zamani zilizokuwa zinachemsha kahawa ile ile mara kumi kumi.

Tangu hapo dizaini ya zile mashine za bei rahisi haijasonga sana. Na hapo ndipo shida zinaanzia.

1. Moto: Eldoret maji hayafiki 100

Shuleni tulifunzwa maji yanachemka kwa nyuzi 100. Hiyo ni kweli ukiwa Mombasa, usawa wa bahari. Eldoret tuko karibu mita 2,100 juu ya bahari, hewa inakandamiza kidogo, na maji yanachemka kwa takriban nyuzi 93. Panda Iten kwa mita 2,400, inashuka hadi karibu 92. Ndiyo maana maharagwe ya huku yanakula makaa hivyo.

Sasa, wataalamu wa kahawa duniani wanataka maji yanayogusa unga yawe kati ya nyuzi 92 na 96. Mashine yetu inategemea maji kuchemka ndiyo yapande, so kikomo chake hapa ni 93. Kabla yafike kwa unga yamepita kwa bomba baridi, yamenyunyizwa hewani, na ni rahisi kushuka chini ya 90. Maji yakiwa hivyo, utamu unabaki kwa machicha na wewe unakunywa uchachu.

Kuna na wati. Hebu tupige hesabu. Mashine ya wati 1,000 ukiijaza lita 1.8 za maji baridi ya Eldy, inahitaji kama dakika 10 kuyapasha yote. Kipimo kizuri cha kudondosha ni dakika 4 hadi 8. So jagi likijaa, maji ya kwanza ni baridi sana, na kazi yote inachukua muda mrefu sana. Ukiweka lita 1 peke yake, inamaliza kwa dakika 5 na kitu. Mashine kama Moccamaster ya Waholanzi, iliyoanza 1968, inatumia koili ya shaba yenye nguvu zaidi ndiyo maji yatoke moto kutoka mwanzo hadi mwisho. Bei yake nayo itakutoa machozi.

Ukona ya kawaida? Fanya hivi: zungusha maji matupu mara moja kwanza ili bomba na jagi vipate joto. Pika nusu jagi, si jagi nzima. Saga kahawa laini kidogo kuliko vile pakiti inasema. Na ongeza unga: badala ya gramu 55 kwa lita, ambayo ndiyo kipimo cha kawaida, enda 60 hadi 65.

2. Vile inamwaga maji

Fungua kifuniko uone maji yanatokea wapi. Kama ni katundu kamoja katikati, hiyo ni dizaini ya uvivu. Maji yanachimba shimo kati ya unga, kahawa ya katikati inakamuliwa mpaka inakuwa chungu, na ya pembeni inabaki karibu kavu. Mashine nzuri iko na kinyunyizio chenye matundu mengi, kama bafu.

Kitu kingine ni kupumzika. Kahawa iliyokaangwa juzi bado imeshika gesi ya kaboni dayoksaidi. Maji yakigusa, inafura na kutoa povu, na gesi hiyo inazuia maji kuingia vizuri. Mashine zilizoboreshwa zinamwaga maji kidogo, zinasimama kama sekunde 30 au 45, halafu zinaendelea. Yako haina hiyo akili? Washa, maji yakianza kulowesha unga, zima nusu dakika, koroga unga na kijiko, washa tena. Uboreshaji wa bure kabisa.

3. Kisahani cha moto ndicho adui

Hii ndiyo shida kubwa kuliko zote, na suluhisho liko kwa kabati ya mathe yako.

Kisahani kile kinaendelea kupika kahawa ikiwa tayari imeiva. Asidi nzuri zinavunjika zinageuka kuwa asidi kali inayokwaruza koo, na harufu yote inapotelea hewani. Nusu saa hapo, umeimaliza. Na kahawa yetu ndiyo inaumia zaidi, sababu sifa ya kahawa ya Kenya ni ule uchangamfu wa matunda. SL28, mbegu iliyochaguliwa na Scott Laboratories huko Kabete miaka ya 1930, inasifiwa kote duniani kwa ladha hiyo. Mkulima wa Nandi ama Trans Nzoia anachuma beri moja moja zikiwa nyekundu, zinaoshwa, zinaanikwa, zinapangwa, halafu wewe unakuja kuzichoma kwa kisahani cha moto kona ya ofisi. Si haki.

Usiniambie ati wazee wa kahawa Mombasa nao wanatembea na dele ikiwa na makaa chini. Ile imekusudiwa iwe chungu, inatiwa tangawizi, na unateremsha na kashata. Huo ni mchezo mwingine.

Dizaini iliyoboreshwa imetoa kisahani, ikaweka jagi la chuma lenye kuta mbili linaloshika joto lenyewe. Kwa lugha ya kwetu: thamosi. Wazungu wanauza hiyo kama teknolojia ya bei ya juu, na kila nyumba ya Kenya iko na thamosi ya maua mezani. So kahawa ikimaliza kudondoka tu, mimina kwa thamosi uliyosuuza na maji moto, zima mashine. Lakini tafadhali usitumie ile ya chai ya maziwa, harufu haitoki. Nunua yake.

4. Ijizime yenyewe

Ngapi umetoka kejani ukafika tao ndiyo unajiuliza kama ulizima pasi? Mashine ya kahawa ni vivyo hivyo. Umoja wa Ulaya uliweka sheria kwamba kuanzia 2015, mashine mpya za nyumbani za kudondosha zijizime: zenye jagi la kushika joto ndani ya dakika 5 baada ya kumaliza, na zenye jagi la glasi ndani ya dakika 40. Zile kuukuu zilizotengenezwa kabla ya hapo zinaweza kuwaka mpaka kesho. Ukinunua mtumba, jaribu hapo hapo dukani. Tokeni za stima si za kuchoma kisahani kikiwa peke yake.

5. Usafi

Tangi zuri linatoka ukaliosha. Mbaya limeshikana na mashine, hujui ndani kumeota nini. Kama unatumia maji ya kisima, chumvi zake zinajenga ukoko ndani ya koili. Ukoko unaziba njia, moto haufiki kwa maji vizuri, na ile "gururu" inakuwa ndefu kuliko zamani. Ukiskia hivyo, changanya siki nusu na maji nusu, pitisha nusu yake, zima kwa nusu saa, malizia, halafu pitisha maji safi mara mbili. Mara moja kwa mwezi kama ni ya biashara.

6. Stima: hapa si mchezo

Tangu enzi za kina Henry Rono kukimbilia Washington State University miaka ya 1970, nyumba nyingi za huku ziko na mtu wao Marekani. Na mtu wa Marekani akija Krismasi, analeta vitu. Shida: kule ni volti 120, hapa ni 240.

Kwa kitu cha koili, volti zikiwa mara mbili nguvu inakuwa mara nne. Mashine ya wati 900 inajaribu kuvuta wati 3,600. Plagi yetu ya ampea 13 mwisho wake ni kama wati 3,120. Ukiwa na bahati, fyuzi inalipuka na mashine inakufa. Ukikosa bahati, unaita majirani na ndoo za maji. Adapta ya plagi haisaidii chochote, inabadilisha miguu tu. Unahitaji transfoma ya wati 1,000 kwenda juu, na hiyo ni nzito na ni ghali. Mara nyingi ni nafuu kununua mashine ya 240 hapa.

Na hili ushike sana. Ndani ya kila mashine kuna thamostati, na fyuzi ndogo ya joto inayokata stima kama koili imepita kiasi. Ikiungua, kuna mafundi wanairuka: wanaunganisha waya mtupu, mashine inawaka, unalipa, unashukuru. Umebeba moto nyumbani. Muulize fundi waziwazi kama ameweka fyuzi mpya ya kiwango sawa. Akianza kuzunguka, chukua mashine yako uende.

Sasa, kwa yule beshte wa meza ya kahawa

Usidanganywe na "vikombe 12". Kikombe cha watengenezaji ni kama mililita 150. Kikombe tunachokunywea huku ni kama 300. So hiyo lita 1.8 ni vikombe 6, na tumeona hapo juu jagi likijaa linakuangusha. Kwa hali nzuri unatoa vikombe 3 kwa kila mzunguko. Foleni ya watu wa ofisi ikifika, umeshindwa.

Kabla uguse doo ya chama, fikiria njia ya Melitta Bentz: koni ya filta, birika, na thamosi mbili. Birika unaliondoa kwa moto likiwa bado linatokota, unamwaga mara moja, so maji yanafika kwa unga yakiwa moto kuliko ya mashine nyingi za bei rahisi. Stima ikipotea unahamia gesi, biashara inaendelea. Mashine uje kununua baadaye, ukijua wateja wako ni wangapi, na ukienda dukani uende na hizi sita kichwani: wati, kinyunyizio, thamosi, kujizima, tangi la kutoka, na volti 240.

Wewe unatumia gani kejani, na ilikutoa ngapi?