Jasi ya Viwandani: Dawa ya Udongo au Sumu?

Mawe ya fosfeti yanapochanganywa na asidi ya salfuriki ili kupata asidi ya fosforiki, ambayo ni msingi wa mbolea nyingi, hubaki pia jasi. Kwa kila tani moja ya fosfeti ipatikanayo katika asidi hiyo, jasi hufikia tani 5 hivi, nayo hurundikwa kando ya viwanda mfano wa vilima. Je, yafaa kumwagwa mashambani?

Faida zake ni za kweli. Jasi ina kalsiamu na salfa. Ganda la karanga hufyonza kalsiamu moja kwa moja kutoka katika udongo unaolizunguka. Ikikosekana, ganda huwa tupu. Katika udongo wa magadi, kalsiamu huondoa sodiamu na kuyawezesha maji kupenya. Nchini Brazili, jasi hutumiwa katika udongo mchachu wa Cerrado kupunguza sumu ya alumini, ili mizizi ishuke chini zaidi.

Hata hivyo, mawe ya fosfeti huwa na urani na radiamu. Kiwandani, sehemu kubwa ya urani hufuata asidi, na sehemu kubwa ya radiamu hubaki katika jasi. Radiamu-226 huchukua miaka 1,600 kupungua kwa nusu, nayo huzaa radoni, gesi isiyo na harufu ambayo husababisha saratani ya mapafu. Hofu kubwa humhusu yule atakayejenga nyumba juu ya shamba lililotiwa jasi kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1992 Marekani iliweka kikomo cha bekereli 370 za radiamu kwa kilo ya jasi ya shambani. Huko Florida, jasi ya kaskazini mwa jimbo ilikubalika; ile ya katikati ilivuka kikomo.

Tofauti hiyo hutokana na asili ya jiwe. Miamba iliyofanywa na ujiuji wa moto wa ardhini kwa kawaida huwa na urani kidogo kuliko miamba ya mashapo. Fosfeti ya Minjingu, kaskazini mwa Tanzania, ni ya mashapo, nayo inajulikana kwa wingi wa urani.

Pia kuna kadimiamu, metali yenye sumu isiyooza kama samadi. Haba na haba hujaza kibaba: kipimo kidogo kikirudiwa kila msimu hulimbikizana udongoni.

Basi jina “jasi” peke yake si dhamana. Mkulima anayepewa jasi ya bure anastahili kupewa pia matokeo ya vipimo vya radiamu na metali nzito, na kiasi kinachofaa kwa hekta. Bila hayo, kiwanda kitakuwa kimehamishia tu taka zake shambani kwa mkulima.