Benki ya Gemu, Hasara ya Kweli

Je, pesa za kwenye gemu ni pesa? Waulize watu wa Second Life, dunia pepe iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003. Humo watu wa nchi mbalimbali wanakutana mtandaoni kwa wakati mmoja, wanajenga, wanauziana vitu. Hela ya humo inabadilishwa kuwa dola halisi.

Basi ikatokea Ginko Financial, ikajiita benki na kuahidi riba ya zaidi ya asilimia 40 kwa mwaka. Mwaka 2007 wateja walikimbilia kutoa pesa zao, wakakuta hamna kitu. Januari 2008, benki zisizo na leseni zikapigwa marufuku humo.

Kwa hivyo, kabla uweke PIN, uliza: leseni iko wapi?