Je, Wajua? Hewa Iliyopotea Njia Kifuani

Je, wajua kwamba pafu lako muda wote linataka kunywea? Lenyewe hujivuta kwa ndani, ukuta wa kifua hujivuta kwa nje, na katikati kuna tando mbili zilizoshikana kwa majimaji kidogo sana. Hewa ikipenya kati ya tando hizo, kwa ubavu uliovunjika au kwa kisu, pafu linaachia na kusinyaa.

Je, wajua kwamba mnazi mrefu hupita mita 20? Mafia ni kisiwa cha minazi, na mkwezi akianguka watu hutazama kwanza miguu na mgongo. Tazameni na kifua. Akihema juujuu, akichomwa upande mmoja kila avutapo pumzi, au ngozi ya kifua ikilia kwa chini unapoibonyeza kwa vidole, basi huenda hewa imetoka mahali pake. Asiambiwe alale, kesho atapoa. Pafu laweza kunywea saa kadhaa baada ya kuanguka.

Hata aliye chini ya mti hayuko salama: mwaka 1984 daktari Peter Barss aliandika katika jarida la tiba kuhusu watu wa Papua New Guinea walioumizwa na nazi zilizowadondokea.

Je, wajua kwamba mvuvi wa pweza anayezama kwa pumzi yake haogopi kile anachokiogopa mgeni wa Ghuba ya Chole mwenye mtungi mgongoni? Mvuvi huzama na hewa aliyoivuta juu, naye huibuka na hiyohiyo. Wa mtungi huvuta hewa iliyogandamizwa. Akijaza mapafu kwenye kina cha mita 10 kisha akaibuka bila kupumua, hewa ile hutaka nafasi mara mbili, na pafu laweza kupasuka.

Je, wajua kwamba majeruhi wengi wa kifua hawahitaji kupasuliwa? Kwa waliopigwa au kuanguka bila kutobolewa, hawafiki mmoja kati ya kumi. Wanaobaki hutibiwa kwa dawa za maumivu, mazoezi ya kupumua na, inapobidi, mrija unaopitishwa kati ya mbavu, chini kidogo ya kwapa.

Mrija huo huishia kwenye chupa ya maji, ncha yake ikizama sentimita 2 hivi. Hewa hutoka kwa viputo na haiwezi kurudi. Gotthard Bülau wa Hamburg, Ujerumani, alianza kuutumia mpango huu miaka ya 1870, akitoa usaha, na hadi leo ndio unaookoa watu katika hospitali zetu. Muuguzi makini huisoma chupa. Mgonjwa akivuta pumzi, maji hupanda mrijani, akitoa, hushuka. Akikohoa na viputo vikatoka, pafu bado linavuja. Maji yakitulia kabisa, ama pafu limejaa, ama mrija umeziba au umejikunja chini ya mgonjwa. Hapo ndipo anapotakiwa mtu aliye macho.

Je, wajua mashine ya kidijitali inayoshika nafasi ya chupa inaongeza nini? Namba na kumbukumbu. Badala ya madaktari wawili kubishana kama viputo ni vingi au vichache, kioo huonyesha mililita za hewa inayovuja kila dakika, na mchoro wa saa zilizopita. Ina pampu na betri ndani yake, hivyo mgonjwa hutembea wodini, na mrija ukiziba inapiga kelele. Mwaka 2018 taasisi ya NICE ya Uingereza iliunga mkono mashine ya aina hiyo, Thopaz+. Natamani kila wodi ya majeruhi nchini iwe nayo. Lakini haimtoi mtu hewa kwa kanuni nyingine, na aliyeielewa chupa ataielewa mashine kwa siku moja.

Je, wajua kwamba hatari kubwa ya mgonjwa wa Mafia ni safari? Ndege ndogo ikiruka mita 1,500 bila kabini iliyojazwa hewa, hewa iliyonaswa kifuani huvimba kwa moja ya tano hivi. Anayepelekwa Dar es Salaam kwa ndege awekewe mrija kabla ya kupanda. Chupa isiwekwe tumboni kwenye machela, maji yatamrudia. Ikae chini ya kifua, wima. Na mrija unaotoa viputo usibanwe kamwe “usimwagike njiani”. Hewa itajaa, itasukuma moyo, itaua. Kwa safari kama hizo hufaa vali ndogo ya mpira isiyohitaji maji, aliyoibuni Henry Heimlich, daktari wa Marekani, na iliyotumika sana vita vya Vietnam.

Na kurudi? Madaktari hushauri kutopanda ndege hadi wiki 1 au 2 zipite tangu eksirei ithibitishe kwamba pafu limejaa. Ukiruhusiwa kutoka hospitali ya Muhimbili kabla ya hapo, shika barabara hadi Nyamisati, kisha kivuko hadi Kilindoni, Mafia.