Ukarabati wa bafu: kinachozuia maji ni kilicho nyuma ya marumaru

Katika nyumba nyingi nchini, ukarabati wa bafu huanzia dukani kwa kuchagua rangi ya marumaru. Mwenye nyumba hutumia hata siku nzima akilinganisha michoro, kisha suala la ukuta na sakafu zitakazobeba marumaru hizo humwachia fundi. Baada ya muda marumaru zikigongwa hutoa sauti ya uwazi, doa la unyevu hujitokeza upande wa pili wa ukuta, na katika majengo ya ghorofa maji hudondoka kwenye dari ya jirani wa chini.

Mara nyingi marumaru hazina kosa. Zenyewe hupitisha maji kidogo sana, lakini maungio yake yaliyojazwa saruji nyeupe hupitisha maji kila mtu anapooga. Maji hayo hukutana na kilicho nyuma, na hapo ndipo uimara wa bafu hupimwa.

Ukuta wa tofali za saruji uliopigwa lipu ndio unaofaa zaidi kwa mazingira yetu. Mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, wenye unene wa milimita 12 hadi 15, hubeba marumaru vizuri iwapo utamwagiliwa maji kwa siku zisizopungua saba na kuachwa ukauke kabla ya kazi kuendelea. Mchanga uwe safi. Kwa wakazi wa mwambao, mchanga wa baharini usiooshwa una chumvi inayovuta unyevu na kuisukuma lipu kutoka ukutani. Ukuta wenye rangi ya zamani hauna budi kukwanguliwa, kwa kuwa gundi ya marumaru hushika rangi, na rangi ikibanduka hubanduka na marumaru zake.

Tatizo kubwa zaidi limeingia na kuta za kugawa vyumba kwa jipsamu, ambazo ni nyepesi na husimamishwa kwa siku moja. Jipsamu ya kawaida hulainika inapolowa, na karatasi inayoifunika huwa chakula cha ukungu. Haifai kabisa nyuma ya bomba la mvua. Ile ya rangi ya kijani, ambayo wauzaji wengi huieleza kuwa haiingizi maji, hustahimili unyevunyevu wa hewa tu. Inafaa dari ya bafu au ukuta ulio mbali na maji yanayorushwa. Plaiwudi nayo huvimba ikilowa.

Mahali ambapo ukuta mwepesi hauepukiki, chaguo sahihi ni bodi ya saruji iliyoimarishwa kwa nyuzi, iliyofungwa kwa skrubu zisizoshika kutu. Bodi hiyo haiozi wala hailainiki. Hata hivyo, haizuii maji kupita, jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hulisahau. Bodi na lipu vyote vinahitaji kupakwa tabaka la kuzuia maji kabla ya gundi, hasa kwenye pembe na kuzunguka mabomba.

Sakafuni, zege lisawazishwe kwa mteremko wa takribani sentimita mbili kwa kila mita kuelekea tundu la kutolea maji. Mteremko huo utengenezwe kwenye zege, si kwa kuongeza gundi chini ya marumaru. Tabaka la kuzuia maji lipande ukutani angalau sentimita 15, na sehemu ya kuogea lifike juu ya kichwa cha bomba.

Wenye nyumba za zamani wana tahadhari ya ziada. Baadhi ya bodi za saruji za miaka iliyopita zilichanganywa na asbesto, madini ambayo Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa aina zake zote husababisha saratani. Bodi inayotiliwa shaka isivunjwe, isikatwe wala kusuguliwa. Ushauri uombwe kwanza kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Wakati wa kununua saruji, gundi na bodi, mwananchi aangalie alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na kudai risiti. Bei ya tabaka la kuzuia maji huonekana kubwa siku ya manunuzi, lakini ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kung'oa bafu zima.

Kabla ya kuruhusu marumaru zipangwe, mwenye nyumba amtake fundi azibe tundu la sakafu, ajaze maji kina cha sentimita chache na kuyaacha kwa saa 24. Kina kikipungua, au unyevu ukionekana chini au ukuta wa pili, kazi irudiwe wakati huo, ambapo bado hakuna cha kuvunja.