Kimya cha Mkutanoni Kina Mshindo

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa karani katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, hapa Mombasa. Kila Jumatatu bosi alituzungumzia nusu saa, kisha akauliza, "Kuna swali?" Sote kimya. Akafunga faili.

Siku moja ajenda ilikuwa faini za makontena yaliyochelewa kutoka. Bosi akalaumu bandari, mhasibu akalaumu madereva. Baadaye, kwenye chai na mahamri, tarishi wetu akaniambia: "Hati zangoja saini ya bosi mpaka alasiri. Nikifika benki, imefungwa."

"Mbona hukusema ndani?"

"Nani angenisikiza mie, kaka?"

Ndugu msomaji, tarishi hakukosa maneno, alikosa nafasi. Tumelelewa tusimkate mkubwa kauli. Ni adabu njema, lakini mwenyekiti asiyejua ataidhani ni kukubaliana. Na kushauriana si jambo geni kwetu: sisi Waislamu tuna sura nzima iitwayo Ash-Shura.

Dawa zake si ghali. Kwanza, toa ajenda siku moja kabla, na iwe swali. Neno "Faini" halimwiti mtu kusema, "Hati hukwama wapi?" humwita.

Pili, mkubwa aseme mwisho. Akishatoa rai yake, wadogo hubaki kuitikia. Anza na walio karibu na kazi: dereva, tarishi, mlinzi.

Tatu, wape watu dakika tano waandike kabla ya kusema. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walilinganisha makundi ya watu wanne waliojadiliana na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake. Waliofikiri peke yao, mawazo yao yalipojumlishwa, walitoa mengi zaidi. Kundini mmoja akisema wengine husubiri zamu, na wako wanaoogopa kuchekwa.

Nne, na hapa ndipo wengi huharibu, usimfanyie kejeli aliyesema. Hatafungua mdomo tena, wala wenzake waliokuwa wakitazama. Liandike neno lake kwenye kumbukumbu, na mkutano ujao mwambieni limefikia wapi.

Nami sijitoi lawamani. Jumatatu iliyofuata nilikuwa nalijua jibu. Bosi akauliza, "Kuna swali?" Nikainamia daftari langu. Faini tukaendelea kuzilipa.