Kufuli la herufi

Wajukuu, shikeni ile karatasi ya mtihani iliyochapwa steshenari, hapa Same mjini. Itazameni herufi "m" kwa karibu. Miguu yake mitatu ina unene mmoja. Usawa huo uligombaniwa na kampuni kubwa za Marekani.

Printa ya leza haichori mstari, inapanga nukta. LaserWriter ya Apple, ya mwaka 1985, ilipanga nukta 300 katika kila inchi. Ndani yake herufi haikuwekwa kama picha. Iliwekwa kama maagizo ya ukingo: anzia hapa, pinda hivi, rudi ulikoanzia. Printa hujaza weusi ndani ya ukingo huo, kwa ukubwa wowote utakao. Shida huja herufi ikiwa ndogo: mguu mmoja wa "m" hupata nukta tatu, mwenzake nne, na neno zima likachechemea.

Dawa walikuwa nayo watu wa kampuni ya Adobe: vidokezo ndani ya fonti, yaani seti ya herufi, vinavyoiambia printa isawazishe miguu. Waliviweka kwenye fonti za Type 1, wakazifunga kwa fumbo. Kanuni za fonti za aina nyingine, Type 3, zilikuwa wazi kwa kila mtu, ila fonti hizo hazikuwa na vidokezo.

Kwetu huku kulinda ujuzi hivi si jambo geni. Ugweno, kaskazini mwa Upare, ufuaji wa chuma ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Washana, na Wachaga walikitafuta chuma hicho. Mwenye ujuzi ana haki ya kula jasho lake, nami siwalaumu Adobe kwa hilo. Lakini herufi ni za kila asomaye. Kwa hiyo nafurahi kwamba kufuli lilifunguka.

Septemba 1989, kwenye mkutano mjini San Francisco, Apple na Microsoft walitangaza kushirikiana kwenye fonti za Apple, zilizokuja kuitwa TrueType, kanuni zake wazi. John Warnock, mmoja wa waanzilishi wa Adobe, alisimama mkutanoni humo kwa uchungu mkubwa, akasema Type 1 nayo itawekwa hadharani. Mwaka 1990 kitabu cha kanuni za Type 1 kikatoka, na hata namba ya kufumbulia fumbo imo: 55665.

Mwaka 1996 Microsoft na Adobe, mahasimu wa jana, wakatangaza fonti za OpenType kwa pamoja. Siku hizi kijana wa Same mwenye kompyuta anapakua programu ya FontForge bila kulipa senti, anachora "m" yake, anaiwekea vidokezo mwenyewe, na printa ya steshenari inaichapa.