Vinyweleo vya Sikio

Tukiulizwa mtu husikia kwa nini, twajibu, "Kwa sikio," kisha twanyamaza. Lakini sikio hili la nje ni mlango tu. Kazi yenyewe hufanyika ndani, katika mfereji uliojikunja kama ganda la konokono, nao umejaa maji.

Sauti ikiingia hupiga kiwambo cha sikio, kiwambo hutikisa vifupa vitatu, navyo hutikisa yale maji. Ndani ya mfereji huo mna chembe hai kama 15,000 katika kila sikio. Kila chembe ina vinyweleo kichwani, vimepangwa kwa safu, vifupi mbele na virefu nyuma, kama wanafunzi wanaopigwa picha.

Vinyweleo hivyo vimeunganishwa kwa nyuzi nyembamba mno za protini mbili, kadherini 23 na protokadherini 15. Maji yakitikisika, vinyweleo huinama upande wa vile virefu, uzi hukazika na kufungua vijilango. Vijilango navyo ni protini, mojawapo yaitwa TMC1. Hapo chembechembe za potasiamu huingia na umeme wake, na habari hupelekwa kwenye ubongo kwa mshipa wa fahamu.

Chembe hizo ni za namna mbili. Zilizo nyingi, kama 12,000, zina protini iitwayo prestini, iliyotambuliwa mwaka 2000. Hiyo hufupika na kurefuka kwa nguvu ya umeme, hata chembe nzima ikacheza na kuikuza sauti hafifu. Zilizobaki, kama 3,500, ndizo hasa zipelekazo habari, kwa msaada wa protini otoferlini.

Basi protini moja tu ikiharibika, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi, ingawa masikio yake kwa nje hayana kasoro. Watu husema amerogwa, au ni mkaidi. Si haki kusema hivyo. Mwaka 2024 madaktari wa China walitoa habari za watoto sita viziwi, ambao otoferlini yao ilikuwa na kasoro. Walitiwa sikioni jeni nzima ya kuitengeneza protini hiyo, na watano kati yao wakapata kusikia.

Nasi tuliozaliwa wazima tuna la kuangalia. Kuku akipoteza chembe hizi huota nyingine. Mwanadamu zake zikifa hazioti tena. Nazo huuawa na kelele: mashine za kusaga, vipaza sauti vya arusini, na muziki unaotiwa masikioni usiku kucha bwenini. Mwenzetu mmoja siku hizi huketi dawati la mbele. Si kwa bidii, ila sauti ya mwalimu haimfikii. Tusimcheke.

Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kweli, lakini kwanza tukitunze kile tusikiacho.